Mwongo wa Krete na Barua ya Juni 1902

Katika Waraka wa Paulo kwa Tito, sura ya kwanza, mtume anawalaumu watu wa kisiwa cha Krete na kumwita shahidi kutoka miongoni mwao: nabii wao wenyewe, aliyesema kuwa Wakrete ni waongo siku zote. Paulo anaongeza kwamba ushuhuda huo ni wa kweli. Hakuna dalili kwamba alitabasamu alipoandika hivyo. Lakini Mkrete akituambia kuwa Wakrete husema uongo tu, yeye tumwekeje?

Nabii huyo kwa desturi hutajwa kuwa ni Epimenides, na kwa haki kauli yake haina mtego kamili. Yawezekana alidanganya tu, na kisiwani alikuwako mkweli mmoja, mambo yakaishia hapo. Aliyeufunga mtego barabara ni Eubulides wa Mileto, mpinzani wa Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo. Mtu anasema, "Hili ninalolisema sasa ni uongo." Ikiwa amesema kweli, basi amedanganya, ikiwa amedanganya, basi amesema kweli. Wanafalsafa wa Kistoa waliandika vitabu juu ya fumbo hilo na vyote vimepotea. Husimuliwa pia kwamba mshairi Philetas wa Kos alikonda kwa kulifikiria hadi akafa, hadithi ninayoshuku ilitungwa na wanafunzi wavivu.

Wanazuoni wa Kiislamu walilichukulia fumbo hilo kwa uzito. Katika karne ya 13 al-Abhari alijaribu kulifumbua, na Nasir al-Din al-Tusi akampinga. Al-Taftazani, aliyefariki mwaka 1390, alikiri kwamba jawabu limemshinda. Karne moja baadaye, huko Shiraz, al-Dashtaki na al-Dawani waligombana kwa sababu yake, kila mmoja akiandika kumpinga mwenzake.

Hata hivyo, kwa muda wote huo fumbo halikumharibia mtu kazi. Lilianza kuharibu mwaka 1902.

Gottlob Frege, mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Jena, Ujerumani, alikuwa ametumia zaidi ya miaka 20 kutafuta njia ya kuonyesha kwamba elimu ya namba yote yaota kutoka kwenye mantiki tupu. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu ilitoka mwaka 1893, wachache wakaisoma. Juzuu ya pili ilikuwa mitamboni ikichapwa alipopokea barua iliyoandikwa Uingereza tarehe 16 Juni 1902. Mwandishi wake, Bertrand Russell, alikuwa na umri wa miaka 30. Alimsifu mzee kwanza, kisha akasema kuna mahali pamoja tu palipompa shida.

Russell mwenyewe alipenda kueleza shida hiyo kwa vijiko vya chai. Seti ya vijiko si kijiko, kwa hiyo haimo ndani yake yenyewe. Lakini seti ya vitu vyote visivyo vijiko nayo si kijiko, kwa hiyo imo ndani yake. Basi kusanya seti zote zisizojijumuisha, uzifanye seti moja. Je, hiyo nayo inajijumuisha? Ikijijumuisha, haistahili kuwamo, isipojijumuisha, inastahili. Ni yule yule mwongo, safari hii amevaa namba. Na Kanuni ya Tano ya Frege, iliyoipa kila sifa seti yake, ilikuwa imemfungulia mlango.

Frege alijibu ndani ya siku sita. Alikiri kwamba ameshtuka na kwamba msingi wa jengo lake umetikisika, kisha akaandika nyongeza mwishoni mwa juzuu ya pili kuwaeleza wasomaji kosa hilo. Kiraka alichokishona humo nacho hakikushika. Mwaka 1962 Russell, akiwa mzee wa miaka 90, aliandika kwamba hajui mfano mwingine wa uadilifu wa kufikia ule wa Frege.

Russell naye aliumia. Majira ya joto ya 1903 na 1904 alikaa mbele ya karatasi tupu asubuhi hadi jioni, na mara nyingi jioni ilifika karatasi ikiwa bado tupu. Dawa aliyoipata ilikuwa marufuku: vitu vipangwe kwa ngazi, na chochote kisijizungumzie wala kuvizungumzia vya ngazi yake. Pamoja na Alfred North Whitehead aliandika Principia Mathematica, juzuu tatu kati ya 1910 na 1913, ambamo moja na moja ni mbili inasubiri zaidi ya kurasa 300. Uchapishaji ulikuwa wa hasara, na kila mmoja wao alitoa pauni 50 mfukoni.

Marufuku hiyo ilivunjwa na kijana wa miaka 24. Mwezi Septemba 1930, katika mkutano wa Königsberg, Kurt Gödel alitangaza ugunduzi aliouchapisha mwaka uliofuata. Aliipa kila kauli ya hesabu namba yake, hivyo kauli zinazohusu namba zikawa pia zinahusu kauli. Ndani ya ngome ya Russell ikapatikana kauli inayosema, kwa namba tupu, kwamba yenyewe haithibitiki humo. Ikiwa mfumo haujipingi, kauli hiyo haithibitiki kweli, kwa hiyo inasema kweli. Huwezi kuikataza bila kukataza kujumlisha na kuzidisha.

Hapo ndipo swali la kujizungumzia lilipohamia kwa binadamu. Mwaka 1961 John Lucas wa Oxford alidai kwamba akili si mashine, kwa sababu sisi tunauona ukweli ambao mashine haiwezi kuuthibitisha. Douglas Hofstadter, katika kitabu cha 1979 kilichompa tuzo ya Pulitzer, alishika njia nyingine: "mimi" ni mzunguko kama wa Gödel, ubongo unaojiwakilisha wenyewe. Kwangu Hofstadter anavutia zaidi, ingawa hajatuonyesha mzunguko huo unaanzaje kuhisi maumivu.

Lucas alijibiwa mapema zaidi, mwaka 1962, na C. H. Whiteley, kwa kauli ya mstari mmoja: Lucas hawezi kuikubali kauli hii bila kujipinga. Sote tunaona kuwa ni kweli, na tunaweza kuitamka bila shida, isipokuwa Lucas. Ukiweka jina lako mahali pa lake, utakayeshindwa ni wewe.