Kiswahili Kisichosikika katika "The African Queen"

Kwa wakazi wa Kyavinyonge, filamu kuu za Hollywood haziko mbali kama inavyodhaniwa. Kijiji hicho cha wavuvi katika teritwari ya Beni kiko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward, karibu na mahali mto Semuliki unapotoka ziwani kuyapeleka maji yake hadi Ziwa Albert. Ng'ambo ya ziwa hilo la pili, upande wa Uganda, ndiko iliko Butiaba, bandari ambako mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga sehemu ya "The African Queen". Sehemu nyingine aliipiga Kongo ya Wabelgiji, katika mto Ruiki karibu na Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu. Hata chombo kilichoipa filamu jina lake kilikuwa cha kweli: mashua ya moshi iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 ikaitwa Livingstone, nayo ilifanya kazi Ziwa Albert.

Kisa kimetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Ni Septemba 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Askari wanachoma kijiji cha misheni; mchungaji anafariki; dada yake, Rose, anapanda mashua ya fundi mlevi aitwaye Charlie, na wawili hao wanateremka mto kwenda kuizamisha meli ya Wajerumani. Katharine Hepburn na Humphrey Bogart waliigiza kwa ustadi mkubwa, naye Bogart alipata tuzo ya Oscar. Ni tamthilia ya watu wawili wa makamo ndani ya chombo kibovu, na kwa hakika mtazamaji hachoki nayo.

Historia iliyo nyuma ya kisa inastaajabisha zaidi. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, wakizipitisha nchi kavu ndani ya Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Vibarua wa Kiafrika ndio waliofyeka njia na kuzikokota milimani. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kuitwa Liemba. Vibarua hao hawamo katika filamu.

Aidha, yafaa kuangalia mandhari ya kwanza. Mchungaji na dada yake wanaongoza ibada. Waumini Waafrika wanaimba, lakini kinachosikika ni mvurugo wa sauti, maneno hayashikiki. Watazamaji wa ng'ambo walitakiwa wacheke. Mhusika huyo wa misheni, hata hivyo, amewekwa katika koloni ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala na ya shule, na Biblia nzima ilikwisha chapishwa kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1891. Waumini wa mwaka 1914 katika nchi hiyo hawakukosa lugha ya kumwimbia Mungu. Filamu ndiyo iliyowanyima. Kosa hili ni zito kuliko makosa ya ramani ambayo wahakiki hupenda kuyataja, kwa kuwa wale waliosimama mbele ya kamera walikuwa watu halisi wenye lugha zao.

Ni nani basi aliyeweza kuitazama? Katika Kongo ya Wabelgiji, kanuni zilizotungwa tangu miaka ya 1930 ziliwakataza Wakongo kuingia katika maonyesho isipokuwa ya filamu zilizoidhinishwa na wakaguzi. Kwa ajili yao zilitengenezwa filamu nyingine, nyingi zikiwa za mafunzo. Wamisionari nao walitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili.

Miaka saba baada ya Huston, Fred Zinnemann alifika Stanleyville, yaani Kisangani, kupiga "The Nun's Story", filamu iliyotolewa mwaka 1959 na kupendekezwa kwa tuzo nane za Oscar bila kupata hata moja. Nayo yastahili kutazamwa, hasa kwa uigizaji wa Audrey Hepburn. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Juni, Kongo ilipata uhuru.