Mji Ulioshinda Minyoo

Ukisoma historia, msomaji mpendwa, utakutana kwa wingi na wafalme, majemadari na mapatano ya amani. Ni nadra kukuta ukurasa uliotengwa kwa ajili ya mnyoo. Walakini mnyoo wa tumbo amekaa na binadamu tangu zamani za kale, akila chakula cha tajiri na cha maskini. Na hata leo yapata watu bilioni 1.5 duniani wana minyoo ienezwayo kwa udongo. Natuutazame mji mmoja uliopigana na adui huyu ukamshinda, tupate kujua ulimshinda kwa silaha gani. Mji wenyewe ni Tokyo, mji mkuu wa Japani.

Kwanza yafaa umjue adui. Mnyoo mviringo aweza kufikia urefu wa sentimita 30 na zaidi, na jike mmoja hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka pamoja na choo. Siku ile ya kwanza hayana madhara. Sharti yakae katika udongo wenye unyevu na joto kwa majuma mawili au matatu, ndipo mtoto wa mnyoo akue ndani yake. Mtu akiyala katika mboga isiyooshwa, au kwa mikono yenye udongo, vitoto huanguliwa, hutoboa ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni na kumezwa tena, kisha hukaa utumboni na kukua. Mtoto mwenye minyoo mingi hudhoofika na masomo humwia mazito. Na pengine minyoo husongamana ikaziba utumbo, hata akafa asipopata tabibu. Zingatia jambo moja hapa: mayai ya mnyoo huyu hayawezi kukomaa tumboni. Kila mnyoo aliyemo aliingia kwa mdomo. Basi njia yake ni moja tu: kutoka chooni hadi udongoni, na kutoka udongoni hadi mdomoni.

Katika Tokyo njia hiyo ilitengenezwa na watu wenyewe, tena kwa nia njema. Zamani mji huo uliitwa Edo, na katika karne ya 18 ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Wakulima wa vijiji vya jirani walikuja mjini kununua choo cha wenyeji kwa fedha au kwa mboga, wakakitumia kuwa samadi. Kilikuwa mali hasa, hata wenye nyumba za kupangisha walijipatia faida kwa kukiuza. Kwa desturi hiyo mji ulisafika na mashamba yakapata rutuba. Lakini pamoja na mboga, mayai ya minyoo nayo yalirudi mjini, yakaingia katika kila nyumba.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa imeteketea kwa moto wa mabomu. Njaa ilikuwa kali. Watu walilima kila palipokuwa na udongo, na mbolea iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa ile ile ya chooni. Minyoo ikazidi. Mwaka 1949, katika kila Wajapani 100 waliopimwa, zaidi ya 60 walionekana kuwa na minyoo mviringo. Jeshi la Marekani, lililokuwa likiitawala nchi wakati huo, lilijilinda kwa njia yake: mwaka 1946 lilianzisha bustani huko Chofu, karibu na Tokyo, ambamo mboga zilioteshwa katika changarawe na maji yenye mbolea, pasipo udongo. Askari walikula majani mabichi bila hofu. Lakini bustani ile haikuwafaa kitu watoto wa mjini.

Watoto hao walihitaji njia nyingine, nayo ilianzia shuleni. Mwaka 1949 Kunii Chojiro na wenzake waliunda chama cha kuzuia minyoo katika Tokyo. Kwa malipo madogo, chama kilipima choo cha wanafunzi kwa darubini. Usidhani kazi hiyo ilikuwa ya kupendeza! Kila mtoto alileta choo chake katika kibweta, mara nyingi cha kiberiti, akamkabidhi mwalimu. Walioonekana na mayai walipewa dawa: wengine mchuzi mchungu wa mwani, wengine santonini, ambayo humfanya mtu aone vitu vyote kuwa vya rangi ya manjano. Baada ya muda walipimwa tena, ili ijulikane kama dawa imefanya kazi. Mwaka 1958 sheria ya afya ya shule iliufanya upimaji huo kuwa wajibu katika nchi nzima.

Huenda ukasema kwamba dawa ndiyo iliyoleta ushindi. La, dawa peke yake isingetosha. Dawa humtoa mnyoo aliyekwisha kuingia. Haimzuii wa kesho. Mtoto aliyetibiwa leo akirudi kula mboga zile zile, baada ya miezi michache huwa kama alivyokuwa. Ushindi ulitimia kwa sababu, wakati shule zikipima na kutibu, wakulima nao waliacha samadi ya choo wakatumia mbolea za viwandani, na serikali ikachimba mabomba ya maji machafu na kujenga mitambo ya kuyasafisha. Kazi ya mabomba ilikuwa ndefu: mitaa ya jiji lenyewe haikuenea yote mpaka katikati ya miaka ya 1990. Lakini njia ya mnyoo ilikuwa imekatwa zamani. Kabla ya mwaka 1980, wenye minyoo mviringo hawakufika hata mmoja katika kila watu 100.

Habari hizi zatuhusu. Mwaka 1997 waziri mkuu wa Japani, Hashimoto Ryutaro, aliwahimiza wakuu wa mataifa makubwa waliokutana Denver kupambana na minyoo duniani, na baadaye kituo cha kazi hiyo kikawekwa Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kuwapa wanafunzi wa sehemu nyingi dawa ya minyoo shuleni, na tangu 2012 kazi hiyo ikapanuliwa. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini ukipita kando ya mito ya Nairobi utaona mboga zinazomwagiliwa maji machafu, na katika mitaa ya mabanda utaona nyumba nyingi zikitumia choo kimoja. Njia ya mnyoo ingali wazi.

Kidonge chaweza kumezwa na mtu mmoja, lakini njia hukatwa na mji mzima: mkulima, fundi wa mabomba, mwalimu, diwani, na mtoto anawaye mikono. Wewe usomaye leo utakuwa mmoja wao kesho. Wanafunzi wa Tokyo walianza kwa kibweta cha kiberiti, wala hawakuona haya.