Mchoraji Aliyekaa Kati ya Wanafunzi

Koleji nyingi za Marekani zina desturi ambayo kwetu haijulikani sana. Humwita mtu wa sanaa, awe mchoraji, mchonga sanamu au mtunga nyimbo, humpa mahali pa kukaa na pa kufanyia kazi, naye hukaa huko miezi kadhaa au mwaka mzima. Mara nyingi hapewi darasa kama walimu wengine. Aifanye kazi yake mwenyewe, basi. Lakini aifanye mbele ya macho ya wanafunzi, nao wenye moyo wamsaidie. Nataka kuwaeleza habari za mmoja wa hao wa kwanza, maana ndani yake twaona faida ya desturi hiyo, na matata yake pia.

José Clemente Orozco alizaliwa Meksiko mwaka 1883. Akiwa kijana baruti ilimlipukia, akapoteza mkono wa kushoto. Ule wa kuume ulimtosha. Baada ya vita vya mapinduzi vilivyoanza mwaka 1910, serikali ya Meksiko iliwaita wachoraji wazipambe kuta za shule na za majumba makubwa, ili hata asiyejua kusoma aione historia ya taifa lake. Orozco alikuwa mmoja wao, na Diego Rivera vilevile. Mwaka 1930 Orozco alichora ukuta wa chumba cha kulia cha wanafunzi katika Pomona College, huko California, na sifa zake zikaenea.

Upande wa mashariki, katika mji mdogo wa Hanover, New Hampshire, iko koleji ya zamani iitwayo Dartmouth. Mwenye kuianzisha, mwaka 1769, alikuwa mchungaji Eleazar Wheelock, na hati yake yataja kwanza elimu ya vijana wa makabila ya wenyeji wa asili wa nchi ile, ndipo Waingereza. Maneno mazuri. Walakini katika miaka 200 iliyofuata, wenyeji waliomaliza masomo yao pale hawakufika hata ishirini. Neno hili tuliweke akilini.

Walimu wawili wa sanaa, Artemas Packard na Jerry Lathrop, walitaka wanafunzi waone kwa macho yao jinsi ukuta unavyochorwa. Mwaka 1932 Orozco alikuja, akachora picha moja katika njia ya kupitia, kama mfano. Kisha akaombwa kuchora chumba kirefu chini ya maktaba, mahali wanafunzi walipokuwa wakichukua vitabu walivyoagizwa na walimu. Fedha zilitoka katika mfuko wa mafundisho uliotolewa na jamaa ya Rockefeller, wale matajiri wa mafuta. Kijana wao Nelson alikuwa amemaliza masomo pale mwaka 1930.

Kazi yenyewe huitwa fresko. Ukuta hupakwa chokaa na mchanga, sehemu moja tu, kadiri mchoraji awezavyo kuimaliza siku ile. Rangi husagwa, huchanganywa na maji matupu, na kupakwa chokaa ingali mbichi. Ikikauka, rangi imekamatwa ndani yake kama jiwe. Kosa halifutiki: sharti chokaa ing'olewe na kupakwa upya. Basi kila siku kijana aliyeshuka kuchukua kitabu aliona kipande kipya ukutani, na mtu wa mkono mmoja juu ya jukwaa la mbao. Mwanafunzi Gobin Stair alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake. Mimi naona kwamba somo la namna hii halipatikani kitabuni: kumwona mzee akifikiri kwa mkono.

Kazi ilianza Juni 1932 ikaisha Februari 1934, picha 24, zenye eneo la karibu mita 300 za mraba. Upande mmoja ni Marekani ya kale, watu wake na miungu yao. Upande wa pili ni Marekani tangu kuja kwa Wazungu. Hapo ndipo makelele yalipoanza. Picha moja yaonyesha mifupa ya maprofesa, wamevaa majoho yao ya heshima, wanasimamia uzazi wa mtoto ambaye naye ni mifupa mitupu. Yaani elimu iliyokufa yazaa elimu iliyokufa! Na juu ya meza za wanafunzi wenyewe. Picha nyingine yamwonyesha Kristu ameshika shoka, msalaba wake ameukata, nyuma yake rundo la silaha. Mkristu akiitazama hushtuka, nami sikubali kwamba Bwana angeukataa msalaba wake. Lakini nadhani mchoraji alikuwa akiwauliza waliobeba jina la Kristu huku wakichinjana vitani.

Wazee waliosoma pale zamani waliandika barua za hasira, wakitaka mgeni huyo azuiwe. Mkubwa wa koleji, Ernest Martin Hopkins, alikataa. Na tuangalie: Februari ile ile ya 1934, mjini New York, picha ya Rivera katika jumba la Rockefeller ilivunjwavunjwa kwa nyundo, kwa sababu alitia humo uso wa Lenin. Jamaa ni ile ile; ukuta mmoja ukabomolewa, mwingine ukabaki.

Miaka michache baadaye, mwanafunzi wa zamani, Walter Humphrey, alichora kuta nyingine pale ili kumjibu Orozco. Alimchora Wheelock na pipa la pombe, na wenyeji wakifanywa kichekesho. Picha hizo zilifunikwa miaka mingi, na mwaka 2018 koleji iliamua kuziondoa. Kabla ya hapo, mwaka 1970, mkubwa mpya, John Kemeny, alikuwa amerudia ile ahadi ya hati ya 1769, na vijana wa wenyeji wakaanza kuja kwa mamia.

Desturi ya kuwakaribisha wachoraji iliendelea: Paul Sample alikaa na wanafunzi tangu mwaka 1938 hata 1962. Orozco alirudi kwao, akafa mwaka 1949. Mwaka 2013 serikali ya Marekani iliziandika picha zake katika orodha ya mahali pa historia ya taifa. Meza zingali mle chumbani, na wanafunzi husoma wakitazamwa na maprofesa wa mifupa.