Istilahi za Stesheni ya Juu: Mtazamo kutoka Ufipa

Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974 ulikuwa na stesheni ya reli, nayo ni ya Mpanda. Mwaka 2012 Mpanda ikaingia katika Mkoa mpya wa Katavi. Halikung'olewa hata taruma moja, ila Rukwa ikabaki bila reli. Mwenyeji wa Sumbawanga mwenye haja ya garimoshi hana budi kushika njia ya Mpanda, au kuteremka hadi Tunduma kwenye reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976. Kwa hiyo mwalimu wa uwanda huu wa juu anapofundisha msamiati wa reli hutaja vitu ambavyo wengi wa wanafunzi wake hawajaviona. Hulitegemea neno peke yake. Neno likipotosha, hakuna jicho la kulisahihisha.

Maneno yetu ya reli yalizaliwa ardhini. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Kaliua hadi Mpanda lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Stesheni ya kawaida ya njia hizo haikuwa na fumbo: nyumba, mbele yake jukwaa, mbele ya jukwaa reli. Msafiri alikata tiketi dirishani, akapita, akapanda. Hata behewa, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa kwanza neno la ujenzi, yaani ua wa ndani au ukumbi wa nyumba. Likatolewa nyumbani, likawekwa juu ya magurudumu.

Tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. (Garimoshi lisilo na moshi ni mjadala wa siku nyingine.) Stesheni ya Dar es Salaam, ambayo umbo lake limeigwa kutoka kito cha tanzanaiti, imevunja mpango ule wa zamani. Reli haiko mbele ya nyumba tena, iko juu: hutoka mjini kwa zaidi ya kilomita 2 ikibebwa na nguzo, na barabara zikipita chini yake. Abiria huingia chini, kisha hupandishwa hadi jukwaani. Jambo hili si geni duniani. London ilipata reli iliyobebwa na matao 878 mwaka 1836, na Addis Ababa ilifungua reli yake ya mjini, ambayo sehemu yake hupita juu ya nguzo, mwaka 2015.

Ugumu wa Kiswahili hapa umo katika vitenzi. Kwetu mtu hupanda ngazi na hupanda treni. Hushuka ngazi na hushuka treni. Katika stesheni ya juu abiria hupanda mara mbili na kushuka mara mbili. Sasa msomaji afikirie hatari imetokea, na kipaza sauti kinasema: "Abiria wote washuke." Aliye ndani ya behewa ataruka jukwaani asimame hapo, akiamini ametii, aliye jukwaani ataelekea kwenye ngazi. Amri ni moja, lakini umati umegawanyika. Maoni yetu ni kwamba katika matangazo ya stesheni za namna hii treni iingiwe na itokwe, na kupanda na kushuka kuachiwe ngazi.

Limebaki jina la stesheni yenyewe. "Stesheni iliyoinuliwa" ni tafsiri ya kamusi. Humfanya msikilizaji aulize iliinuliwa na nani. "Stesheni ya ghorofa" hupotosha, maana jengo la TAZARA jijini Dar es Salaam lina ghorofa na reli zake zimelala ardhini. "Stesheni ya juu" yafaa katika mazungumzo, lakini mtafsiri wa mkataba atataka zaidi.

Sisi tungependekeza ulingo. Mlinzi wa ndege katika shamba la mpunga au mtama hukaa ulingoni: jukwaa lililosimama juu ya miti, lenye ngazi, na chini yake mtu hupita bila kuinama. Mtoto wa bonde la Rukwa akiambiwa "stesheni ya ulingo" atajua mara moja kwamba nguzo ziko chini na watu wako juu, hata kama hajaona reli. Hapana shaka watakuwapo watakaosema kwamba neno hili limekwisha kuchukuliwa na mabondia na wanasiasa. Wao nao waliliazima kwa mkulima.