Kukaa upande

kukaa upande (kirai kitenzi)

Maana: Kuketi juu ya mnyama au chombo cha magurudumu mawili, miguu yote miwili ikielekea upande mmoja. Kinyume: kutagaa, yaani kuketi mguu mmoja huku, mwingine kule.

Mfano: Mama aliyevaa kitenge alikaa upande kwenye bodaboda kutoka Muleba hadi Bukoba.

Matumizi: Tangazo la usalama lisiishie kwenye «kaa vizuri», kwani kwa mvaa kitenge kukaa vizuri ndiko kukaa upande. Liseme «tagaa»: anayekaa upande huelemeza uzito upande mmoja, na pindo la nguo laweza kunaswa na gurudumu.

Tafsiri: Tandiko la farasi lenye pembe mbili upande wa kushoto, ambalo mpandaji hupitisha mguu wa kulia juu ya pembe ya juu na kubana paja la kushoto chini ya ile ya pili, liitwe «tandiko la kukaa upande». «Tandiko la pembeni» hutaja mahali, si mkao.

Tofautisha: kukaa upande wa fulani, yaani kumuunga mkono.