Samadi na fatalaiza: Jinsi ya kuzigawa katika mzunguko wa mboga

WAKULIMA wengi wa mboga hulazimika kuchagua kati ya samadi na fatalaiza, ilhali kila moja hufanya kazi ambayo nyingine haiwezi.

Fatalaiza hulisha mmea upesi. Mfuko wa kilo 50 wa CAN yenye asilimia 26 ya naitrojeni una kilo 13 za madini hayo. Tani nzima ya samadi kavu yenye asilimia 1 ina kilo 10 pekee, nazo hutoka polepole kwa misimu kadhaa. Hata hivyo, samadi huhifadhi unyevu na kuustawisha udongo, huku DAP ikitumiwa mfululizo huuongezea asidi.

Majaribio ya muda mrefu yaliyoanzishwa Kabete mwaka 1976, ambapo mahindi na maharagwe yalipandwa kwa kupokezana, yalionyesha kuwa kutumia samadi pamoja na fatalaiza huleta mavuno bora kuliko kutumia moja pekee. Umuhimu wa funzo hilo ulidhihirika mwaka 2022, bei ya mfuko wa fatalaiza ilipopita Sh6,000.

Katika shamba la mboga, mzunguko waweza kuanza na kabichi au sukuma wiki, ambazo huhitaji chakula kingi. Samadi iliyooza vyema huchanganywa na udongo kabla ya kupandikiza miche, kisha CAN huongezwa miche ikishashika.

Msimu wa pili hupandwa maharagwe. Haya hujipatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo CAN haihitajiki sana.

Karoti au vitunguu hufuata, na kutumia masalio ya samadi ya awali. Samadi mbichi haifai hapa kwa kuwa husababisha karoti kugawanyika.

Msimu wa nne ni wa nyanya, ambazo hupewa samadi tena pamoja na NPK. Zisipandwe palipotoka viazi, pilipili au biringanya, kwa kuwa mimea hii ni ya jamii moja na ugonjwa wa mnyauko hubaki udongoni.

Samadi yenye nyasi nyingi ambazo hazijaoza huifunga naitrojeni kwa muda, na mboga hugeuka manjano. Vilevile, chokaa isiwekwe pamoja na DAP, kwani sehemu ya naitrojeni hupotea hewani.

Kabla ya kununua chochote, ni muhimu udongo upimwe. Bila kipimo, mkulima aweza kugharimika kwa madini ambayo tayari yamo shambani mwake.