Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikwenda kwa kijana mmoja fundi wa kompyuta pale Kariakoo, nikiwa na CD moja ndani ya bahasha ya kaki. Ndani ya CD hiyo mna hesabu za chama chetu cha kuweka na kukopa, tangu mwaka 1994 hadi 2003: nani aliweka, nani alikopa, nani alirejesha na nani hakurejesha. Mwanachama mmoja, mzee mstaafu, anadai kuwa akiba yake ya mwaka 1998 haikuingizwa yote. Daftari la mkono la mwaka huo liliharibiwa na mvua. Na mweka hazina wa wakati ule, aliyekuwa akiziingiza hesabu hizo kwa vidole viwili kila Jumamosi, ni mimi ninayezungumza nanyi.

Tatizo ni kwamba programu tuliyoitumia ilitengenezwa kwa ajili ya DOS. Kompyuta za leo ukizipa programu ile zinaikataa, kama karani anayerudisha fomu ya zamani. Nilidhani kijana angenitafutia kompyuta chakavu stoo. Akaniambia, "Mzee, hatuhitaji kompyuta ya zamani. Tutaitengeneza humu humu." Akabonyeza mara chache, na kwenye kioo likafunguka dirisha jeusi. Ndani ya dirisha lile ikaamka kompyuta nyingine, ndogo, ikahesabu kumbukumbu yake kama zilivyofanya za zamani, ikasimama kwenye herufi C ikisubiri amri.

Nilimwuliza uganga huu ulianza lini. Akajibu kwamba ni teknolojia mpya. Hapo nikamwambia, hapana mwanangu. Jambo hili limekuzidi umri wewe, na limeizidi umri hata DOS yenyewe.

Turudi nyuma, miaka ya 1960. Kompyuta moja ilijaza chumba, na bei yake ni ya kampuni kubwa au serikali. Mtaalamu aliandika kazi yake kwenye kadi zilizotobolewa, akazikabidhi dirishani, akaja kuchukua majibu baada ya saa nyingi au kesho yake. Akikosea alama moja, anaanza upya. Ndipo wataalamu wakatafuta namna ya watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa namna hiyo.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360. Lakini MIT, ilipotaka mashine kwa ajili ya mradi wake mkubwa uliofuata, iliichagua kampuni ya General Electric. IBM iliumia. Ilikuwa na ofisi ndogo ya utafiti katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, ndani ya jengo lile lile walimokuwa wataalamu wa MIT. Humo Robert Creasy na Les Comeau wakaja na wazo lililoonekana kama mzaha: badala ya kutengeneza mfumo mmoja mkubwa wa kuwahudumia watu wote, kwa nini tusimpe kila mtu kompyuta yake nzima, ambayo haipo?

Hebu niwaeleze kwa mfano tunaoujua. Fikirini nyumba ya kupanga ya vyumba sita. Wapangaji wanajuana, wanagombea bomba, choo na uani. Sasa fikirini msimamizi hodari kiasi kwamba kila mpangaji anaamini nyumba nzima ni yake peke yake. Mpangaji akinyoosha mkono kwenye bomba, kengele inalia, msimamizi anaushika mkono kabla haujafika, anamchotea maji kwa kipimo na kumpa. Mpangaji anadhani amefungua bomba mwenyewe. Akitaka kubomoa ukuta, anabomoa ukuta wa kuchora. Wa jirani hautikisiki. Mpangaji huyo ndiye tunayemwita kompyuta pepe. Anaweza kuwa na mfumo wake wa uendeshaji, hata ukiwa mbali kabisa na wa jirani yake.

Mfumo wa kina Creasy, ulioitwa CP-40, ulianza kazi Januari 1967. Uliweza kubeba kompyuta pepe 14 ndani ya mashine moja. Ndugu zangu, jambo la kutazama hapa ni kwamba haukuwa mradi uliopendwa na wakubwa. Kampuni ilikuwa imeweka matumaini yake kwenye mfumo mwingine, TSS, uliotengenezwa na watu wengi, ambao ulichelewa na haukutimiza ahadi. Mfumo wa ofisi ndogo uliendelea kuishi kwa sababu wateja waliuona unafanya kazi. Tarehe 2 Agosti 1972 IBM iliutangaza rasmi mrithi wake, VM/370, na uzao wake ungali kazini hadi leo katika mashine kubwa za kampuni hiyo.

Kwa nini wateja waliupenda? Kwa sababu ile ile iliyonipeleka Kariakoo. Mwenye mashine moja aliweza kuendesha mfumo wa zamani na mfumo mpya kwa pamoja, akahamisha hesabu zake taratibu bila kufunga ofisi. Na fundi aliweza kujaribu mfumo mpya ndani ya kompyuta pepe; ukianguka, unaanguka peke yake, mishahara inaendelea kulipwa.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ya mashine inayofaa kazi hiyo. La msingi, kwa mfano wetu, ni kwamba kila mpangaji anapogusa kitu cha nyumba nzima, lazima kengele ilie kwa msimamizi.

Kisha dunia ikasahau. Mwaka 1981 IBM ilileta kompyuta ndogo ya mezani, bei zikaendelea kushuka, na watu wakasema: ya nini kugawana nyumba wakati kila mtu anaweza kujenga kibanda chake? Prosesa za Intel zilizotawala meza zetu zilitengenezwa bila kulitimiza sharti lile. Zilikuwa na maagizo ambayo mpangaji akiyatoa, kengele hailii. Agizo linapuuzwa kimya kimya au linatoa jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo wengi waliamini kwamba kompyuta pepe haiwezekani katika mashine hizo.

Waliokataa kuamini hivyo walikuwa chuo kikuu cha Stanford. Mwaka 1997 Mendel Rosenblum, Edouard Bugnion na Scott Devine walieleza mradi wao wa Disco, na mwaka 1998, pamoja na Diane Greene na Edward Wang, wakaanzisha kampuni ya VMware. Dawa yao ilikuwa kuyasoma maagizo ya mpangaji kabla hajayatamka, na kuyabadilisha yale ya hatari. Bidhaa yao ya kwanza ilitoka mwaka 1999. Mwaka 2003 chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilitoa Xen kwa yeyote kuitumia, na kuanzia 2005 Intel, kisha AMD, wakatia kengele iliyokosekana ndani ya prosesa zenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ikaanza kukodisha kompyuta pepe kwa saa. Kukodisha huko ndiko leo vijana wanakoita wingu: kwa sehemu kubwa ni nyumba za kupanga zenye wasimamizi.

Sasa tuimalizie CD yangu. Programu ya zamani ilifunguka, rangi ya buluu na maandishi meupe, nikamkuta mzee wetu katika ukurasa wake. Michango yake ya miezi mitatu ya 1998 haikuwapo. Tuliikuta kwa mwanachama mwingine, jina lake likifanana na lake, namba zao zikipishana tarakimu moja. Kosa ni langu. Nilikwenda nyumbani kwake siku ile ile, nikamwamkia, nikamweleza, na chama kitamlipa haki yake.

Ningeweza kusema hesabu zimepotea, na nani angebisha? Ndiyo maana naziomba ofisi zetu, shule zetu, vyama vyetu na misikiti na makanisa yetu: mnapobadilisha kompyuta, msihifadhi kumbukumbu tu. Hifadhini pia programu iliyoziandika na mfumo iliokuwa ikiishi ndani yake, maana hesabu isiyoweza kusomwa ni sawa na hesabu iliyochomwa moto. Kompyuta pepe zipo, nyingine ni za bure, na kijana wa mtaani anajua kuziwasha. Mali bila daftari, hupotea bila habari. Na daftari lisilofunguka nalo si daftari.

Ndugu msikilizaji, tukijaliwa, tukutane juma lijalo.